Mashindano ya Motokaa Ndani ya Kioo

Wasomaji wa gazeti letu, nadhani wengi wenu mmekwisha kuona vijana wamekaa mbele ya televisheni, kila mmoja ameshika kitu cheusi kwa mikono miwili, amekodoa macho na kupinda mwili huku na huku kama mtu aliyepanda ngamia kwa mara ya kwanza. Wazee wakipita husema, "Hawa wamerogwa." Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo. Lakini katika likizo iliyopita nilikaa kwenye kiti hicho hicho kwa muda wa siku tatu, na leo nataka kuwaelezeni niliyoyaona, jinsi mtambo ule unavyofanya kazi, na kwa nini sasa nina deni nyumbani.

Kwetu ni Bulumbi, katika wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Mama alinituma mjini Busia kupeleka mihogo mikavu, na baada ya kuiuza nikapita mbele ya kibanda kimoja chenye televisheni tatu na mitambo ya PlayStation. Vijana wote mle ndani walikuwa wanacheza mpira, wakipiga kelele kuliko uwanja wenyewe. Televisheni ya tatu, pembeni, haikuwa na mtu. Nikamwuliza mwenye kibanda ile ina nini.

"Hiyo ni ya motokaa, kijana wangu," akasema. "Haina mteja. Katika mpira mtu humfunga mwenzake akamcheka mpaka jioni. Katika hiyo unashindana na saa tu. Ukitaka, kaa, nitakutoza nusu."

Basi nikakaa kwa sababu ya nusu hiyo.

Mchezo wenyewe unaitwa WRC 9. Ulitengenezwa na KT Racing, kampuni ya Paris, Ufaransa, ukatolewa na Nacon tarehe 3 Septemba 2020. Herufi zile tatu ni za mashindano ya dunia ya mbio za motokaa zinazoitwa rally, ambazo hazifanyiki katika uwanja wa kuzunguka bali katika barabara za nchi: theluji ya Sweden, milima ya Monte Carlo, misitu ya Finland. Katika mchezo huo waliongeza nchi tatu ambazo hazikuwamo katika mchezo wao uliotangulia, nazo ni Japani, New Zealand, na Kenya. Naam, Kenya, jirani yetu, ambayo kutoka pale nilipokaa ningeweza kufika kwa miguu kabla chai haijapoa.

Tena kuna jambo moja lililonishangaza sana nilipokuja kulisoma baadaye. Wale watengenezaji walitia nchi zile tatu kwa kuwa zilikuwa katika ratiba ya mashindano ya mwaka 2020. Lakini mwaka huo ukaja ugonjwa wa korona, na mbio za Kenya zikaahirishwa, za New Zealand zikafutwa, za Japani vile vile. Hivyo motokaa zilikimbia Kenya ndani ya kioo mwaka 2020, na katika udongo hazikukimbia mpaka Juni 2021. Kivuli kilitangulia mtu! Wakati huo mimi nilikuwa nyumbani nachunga mbuzi, maana shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Kama mtu angeniambia siku zile kwamba kuna mahali ambapo Safari Rally inaendelea bila hofu ya ugonjwa, ningedhani ananidhihaki.

Pengine wengine hawajui Safari Rally ni nini, kwa hiyo nitasema kidogo. Ilianza mwaka 1953, kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Haikuwa mbio ya Kenya peke yake. Hata jina lake tangu 1960 lilikuwa ni Safari ya Afrika ya Mashariki. Ilikuwa ngumu kupita kiasi. Mwaka 1963 zilianza motokaa 84 zikamaliza 7. Mwaka 1968 zilianza 93, na safari hii pia zikamaliza 7. Zilizobaki zilikwama katika matope, au zilivunjika, au zilichukuliwa na mito. Kutoka kwetu Uganda alizaliwa Shekhar Mehta, ambaye jamaa yake walilazimika kukimbia nchi mwaka 1972 Waasia walipofukuzwa. Na mwaka uliofuata, 1973, ndio mwaka wa kwanza Safari kuhesabiwa katika mashindano ya dunia, akaishinda akiwa katika Datsun. Akaishinda tena mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Mzee mmoja wa jirani zetu husimulia kwamba alipokuwa mtoto alisimama kando ya barabara ya Tororo akaona motokaa hizo zikipita, zimepakwa matope mpaka madirisha, na kwamba kuku wa baba yake walipungua wawili siku hiyo. Sijui kama hesabu ya kuku ni ya kweli, lakini huisimulia hivyo kila mara.

Baada ya 2002 Safari ikatolewa katika mashindano ya dunia, ikarudi 2021.

Sasa nirudi katika mtambo. Watu wengi hufikiri kwamba ndani yake mna sinema iliyopigwa, na mchezaji anaichagua tu. Sivyo. Sinema imekwisha kupigwa na haiwezi kubadilika, lakini katika mchezo kila picha inachorwa papo hapo, kwa kufuata ulichofanya kwa vidole. Michezo mingi huchora picha 30 au 60 kwa kila sekunde. Tuseme motokaa inakwenda kilomita 120 kwa saa. Hiyo ni mita 33 na theluthi moja kwa sekunde. Kwa picha 60, kati ya picha moja na inayofuata motokaa imesogea karibu sentimita 56. Kwa picha 30, imesogea zaidi ya mita moja. Jicho halioni mrukaruko huo, linaona mwendo laini, kama vile tunavyoona sinema.

Lakini kuchora ni nusu ya kazi tu. Kabla ya kila picha mtambo unapiga hesabu: gurudumu la mbele la kushoto liko juu ya nini, changarawe au mwamba au vumbi? Uzito wa motokaa umeelemea wapi? Ukikanyaga breki, uzito unakuja mbele, na magurudumu ya mbele yanashika ardhi zaidi, huku ya nyuma yakiwa mepesi na kutaka kuteleza. Ndiyo sababu madereva wa rally hugusa breki kabla ya kona na kuacha mkia uteleze kwa makusudi, ili pua igeuke mapema. Haya yote ni yale yale tunayofundishwa katika fizikia chini ya jina la msuguano, ila mwalimu hutumia kipande cha mbao juu ya meza, na kipande cha mbao hakijapata kumtoa mtu jasho.

Nilipiga hesabu katika daftari langu usiku ule. Nilichukua msuguano wa 0.7 kwa lami kavu na 0.4 kwa changarawe legevu, kuwa mfano. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, tangu magurudumu yanapoanza kufungwa, gari inahitaji mita 20 kusimama juu ya lami na mita 35 juu ya changarawe. Ukiongeza mwendo kuwa kilomita 120, hazihitajiki mara mbili, bali mara nne: mita 81 juu ya lami, na mita 142 juu ya changarawe. Hapo sijatia ule muda wa mtu kushtuka. Mtu akichelewa sekunde moja tu kwa mwendo wa 60, amekwisha pita mita 17 kabla hajagusa breki.

Kile kitu cheusi cha mkononi huitwa padi. Ndani yake mna mota mbili ndogo, kila moja imefungiwa kipande cha uzito upande mmoja tu. Mota ikizunguka, uzito ule unavuta huku na huku, na padi inatetemeka mikononi kama usukani juu ya mawe. Ni ujanja mdogo, lakini unadanganya vizuri kuliko picha. Mara mbili nilijikuta nimeinua miguu kutoka sakafuni.

Sasa nije katika jambo ambalo naona ndilo kubwa, nalo ni sauti. Katika rally dereva hakai peke yake. Kando yake hukaa mwelekezi, ambaye kabla ya mashindano wamepita naye barabara ile polepole na kuiandika yote katika daftari: kona hii ni ya kushoto, ukali wake ni namba fulani, baada ya mita mia kuna kilima, nyuma ya kilima barabara inakuwa nyembamba. Katika mchezo huu kona kali hupewa namba ndogo na kona nyepesi hupewa namba kubwa, mpaka sita. Basi mtu anakwenda mbio huku sauti ya Kiingereza inamwambia, "Kulia nne, mita hamsini, kushoto mbili, usikate." Siku ya kwanza sikuisikiliza. Niliona ni kelele tu, nikatazama barabara kwa macho yangu, na kila kona ilinikuta nimechelewa. Niligonga migunga yote ya Naivasha. Ukitoka barabarani, unabonyeza kitufe, motokaa inarudishwa mahali pake, nawe unatozwa sekunde chache. Nadhani nililipa dakika nzima kwa sekunde chache chache.

Siku ya pili nikaanza kusikiliza, nikaona ajabu. Nilijua kilicho nyuma ya kilima kabla sijakiona! Vumbi lilikuwa jekundu na zito, lakini sauti inaona kupita vumbi. Siku ya tatu nilimaliza sehemu nzima bila kubonyeza kile kitufe, na mwenye kibanda mwenyewe aliacha kuhesabu fedha akaja kutazama. Nakiri kwamba nilitoka pale nikiwa na kichwa kikubwa.

Kaka yangu ni mwendesha boda boda. Wageni pengine hawajui kwamba jina hilo lilizaliwa hapa kwetu Busia. Katika miaka ya 1960 vijana walibeba watu kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja mpaka kituo cha upande wa pili, maana katikati palikuwa mbali kwa mtu mwenye mzigo, nao walimwita abiria kwa kutaja mpaka kwa Kiingereza mara mbili: boda, boda. Sasa ni pikipiki, na neno limekwenda mbali kuliko baiskeli zile. Pikipiki ya kaka ndiyo iliyonilipia karo tangu baba alipofariki. Sitaki kulisema jambo hili kwa urefu, lakini bila kulijua msomaji hataelewa yanayofuata.

Jioni ya siku ile ya tatu kaka alinipa pikipiki niende kuchukua mafuta ya taa dukani. Barabara ni ya changarawe, nami naijua tangu nilipokuwa natambaa. Kuna kona moja ya kushoto karibu na mwembe. Nilipoikaribia nilisikia kichwani mwangu ile sauti: kushoto tatu. Wallahi niliisikia. Nikaingia kwa mwendo ambao sijapata kuingia nao pale, na katikati ya kona nikaona mtoto na mbuzi wanne.

Mtoto hakuguswa, wala mbuzi. Mimi nilishika breki ya mbele, gurudumu likateleza juu ya changarawe, na pikipiki ikalala. Motokaa ikiteleza hubaki juu ya magurudumu manne na dereva anaweza kuisahihisha. Pikipiki ikiteleza gurudumu la mbele, hakuna cha kusahihisha. Nilichubuka mkono na goti. Springi za mbele zilipinda, taa ikavunjika, na usukani ukatazama Kenya wakati gurudumu linatazama Uganda. Hakukuwa na kitufe cha kunirudisha barabarani. Niliisukuma mpaka nyumbani gizani.

Kaka hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliizunguka pikipiki mara mbili na kibatari, akauliza, "Mdogo wangu, nani amekufundisha kuingia kona namna hii?" Nikamweleza yote, kibanda, Safari, mwelekezi na namba zake. Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kesho nipeleke nikaione barabara hiyo."

Tukaenda kwa miguu asubuhi, kwa kuwa kipando chetu kilikuwa kwa fundi. Mwenye kibanda alimpa padi. Kaka yangu ameendesha miaka minane, mchana na usiku, kati ya malori yanayopanga foleni mpakani na watu wanaovuka na magunia, na hajapata kumwangusha abiria. Nilidhani atawashangaza wote. Lakini alikwenda polepole kama mtu anayebeba mayai. Kabla ya kila kona alipunguza mwendo na kutafutatafuta kwa kidole gumba.

"Unatafuta nini, kaka?"

"Honi. Honi iko wapi?"

Nikamwambia kwamba mimi sikukiona kitufe cha honi, wala sikuwa nimekitafuta. Vijana wa mpira wakacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea mpaka mwisho wa sehemu ile, hakugonga hata mgunga mmoja, na saa yake ilikuwa mbaya kuliko zangu zote, hata ile ya siku ya kwanza iliyojaa faini. Akaweka padi mezani akauliza, "Watu wa huku wako wapi?"

Nikamwonyesha watazamaji waliosimama nyuma ya utepe. Akasema, "Hao wamekuja kutazama. Nauliza wenye barabara."

Swali lake lilinisumbua, na niliporudi shuleni nikasoma zaidi juu ya Safari. Nikagundua kwamba swali hilo lina jibu katika historia yake. Katika mashindano ya sasa sehemu za mbio hufungwa. Hakuna gari nyingine, hakuna mwenye ng'ombe, na kwa sababu hiyo daftari la mwelekezi linaweza kuaminiwa. Aliyoandika juzi ndiyo yatakayokuwapo leo. Hata hivyo Safari haiachi kuwa Safari: mwaka 2021 Thierry Neuville wa Ubelgiji alikuwa anaongoza mpaka asubuhi ya siku ya mwisho, gari lake likavunjika kifaa cha springi, na Sébastien Ogier wa Ufaransa akashinda. Lakini Safari ya zamani, mpaka 2002, ilikimbiwa katika barabara zilizo wazi. Mabasi yalipita, punda walipita, watoto walitoka shule. Ndiyo maana motokaa zile zilifungwa vyuma vizito mbele kwa ajili ya wanyama, na makampuni tajiri yaliweka helikopta juu, itangulie motokaa na kumwambia dereva kwa redio kuna nini barabarani. Yaani daftari peke yake halikutosha. Ilihitajika sauti ya mtu anayeiona barabara saa ile ile.

Kwa hiyo ule mchezo haukunidanganya juu ya msuguano. Hesabu zake za kuteleza nadhani ni nzuri, na nilijifunza humo mambo ambayo kipande cha mbao hakikunifundisha. Kosa langu lilikuwa kuchukua sauti inayofaa katika barabara iliyofungwa na kuipeleka katika barabara ya Bulumbi, ambayo haijapata kufungwa hata siku moja. Kona ya mwembe ni tatu, sikatai. Lakini mbuzi hawamo katika daftari.

Nilitafuta kama kuna mchezo wenye barabara kama zetu. Uko mmoja wa zamani, uitwao Ma3Racer, uliotengenezwa Nairobi na vijana wa Planet Rackus mnamo mwaka 2011 kwa ajili ya simu za Nokia, na ndani yake unaendesha matatu, watu wakikatiza barabara mbele yako. Kwa uzuri wa picha hauwezi kusimama kando ya ule wa Paris. Lakini waliokaa wakaufikiri ni watu waliopata kupanda matatu. Mwaka 2023 Codemasters wa Uingereza wakatoa mchezo wao wa mashindano ya dunia, na Safari ya Kenya imo. Natamani siku moja mtu wa huku kwetu, mwenye kujua fizikia na mwenye kujua barabara ya Tororo saa kumi na mbili jioni, atengeneze mchezo ambao sauti ya mwelekezi inasema Kiswahili, na mwelekezi mwenyewe haoni yote. Mwanafunzi yeyote wa Senior Five au Six anayefahamu hesabu za mwendo ana mwanzo wa kazi hiyo katika daftari lake tayari.

Kuhusu pikipiki, fundi alidai shilingi 85,000, na kaka alikosa kazi siku nne. Nimeuza kuku wangu watatu na kulima shamba la jirani kwa wiki mbili, nikalipa 50,000. Zilizobaki nitazilipa likizo ijayo. Mwenye kibanda alituma salamu kwamba saa yangu ya siku ya tatu bado haijashindwa na mtu, lakini nadhani ni kwa sababu hakuna mwingine anayecheza.